Gari Likizima Ghafla Njiani: Mtafute Mchawi Kabla Hujapiga Stata Tena

Nilikuwa natoka Jinja, Uganda, na gari langu la Toyota Noah, abiria sita nyuma. Tumeshapita Najjembe, harufu ya kuku wa kuchoma bado imejaa ndani, na mbele yetu msitu wa Mabira umetanda pande zote mbili za barabara. Injini ikakata. Haikukohoa wala kutetemeka, ilizima kama taa ya chumbani umeme unapokatika.

Nikapiga stata. Inazunguka vizuri, haishiki. Nikapiga tena, na tena. Ya nane betri ikaanza kulegea. Akatokea kijana wa boda, akazima pikipiki yake, akasikiliza kidogo, akasema kwa uhakika wa daktari bingwa: "Mzee, pampu ya mafuta hiyo." Baada ya kama dakika arobaini gari likawaka lenyewe, tukafika Kampala. Kesho yake nikanunua pampu Kisekka, kwenye soko la vipuri. Wiki haijaisha, gari likazima tena barabara ya Masaka, karibu na Kayabwe, vilevile bila kikohozi. Pampu haikuwa na kosa lolote, na pesa yangu ilikuwa imeshakwenda.

Tangu hapo nina utaratibu wangu, nao ndio huu. Unafaa zaidi kwa magari tunayoendesha wengi huku kwetu, yaani Toyota za petroli zilizotumika Japani kabla hazijaletwa. Gari la aina nyingine lina tofauti ndogondogo, lakini njia ya kufikiri ni hiyo hiyo.

Hatua ya 1: Litoe barabarani ukiwa bado una breki

Injini ikizima, usukani unakuwa mzito na breki zinabaki na nguvu ya kukanyaga mara moja au mbili laini. Baada ya hapo pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Kwa hiyo usipampu breki. Weka gia huru, washa taa za tahadhari, elekea pembeni, kisha kanyaga mara moja na ushikilie hadi gari lisimame. Ufunguo usiurudishe hadi mwisho gari likiwa bado linatembea, maana usukani unaweza kujifunga.

Weka pembetatu zako nyuma ya gari, mbali. Kama umesimama baada ya kona, ziweke kabla ya kona. Matawi ya miti yanaeleweka na kila dereva wa lori kutoka Malaba hadi Katuna, yatumie kama huna kitu kingine. Ila ukiondoka yaokote, ndugu yangu. Nimeshakwepa usiku matawi ya gari lililoondoka tangu asubuhi, nikakaribia kuingia mtaroni.

Hatua ya 2: Mkono utoke kwenye ufunguo, kumbuka sekunde kumi za mwisho

Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Gari likizima, mkono unakwenda kwenye stata wenyewe. Uzuie. Namna injini ilivyokufa ni nusu ya jibu, na baada ya kupiga stata mara kumi utakuwa umeshasahau.

Je, ilikata mara moja, safi, kama swichi? Basi fikiria umeme wa injini: sensa ya krenki (inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka), rilei (swichi ndogo ya umeme), fyuzi, swichi ya ufunguo, au terminali ya betri iliyolegea. Mkanda wa taimingi, ule unaoendesha vali za injini, ukikatika nao unaua hivyo hivyo. Kama dashibodi nzima ilizima pamoja na redio, anza na terminali za betri, hasa ukiwa umetoka kwenye barabara ya mashimo. Na kama ufunguo wako unaning'inia na funguo za nyumba, duka, stoo na kifungulio cha soda, jua kwamba uzito ule kwa miaka mingi unamaliza swichi.

Je, ilianza kwa kukohoa, ikivuta na kuachia, hasa ukipanda kilima, kisha ikafa polepole? Hayo ni mafuta: hayafiki, hayatoshi, au yana maji.

Je, taa zilikuwa zinafifia, waipa zinaburuta miguu, taa nyekundu ya betri inawaka tangu kilomita kadhaa nyuma? Alternata haichaji. Gari limekuwa likila betri peke yake hadi likaimaliza, na kuazima umeme kwa mwenzako kutakufikisha mbele kidogo tu.

Kulikuwa na mlio wa chuma kugonga chuma, au mshale wa joto ulipanda, au taa ya oili iliwaka? Kama ndiyo, usiguse stata kabisa. Nenda hatua ya 3.

Ulikuwa unapita kwenye maji? Ruka hadi sehemu ya mafuriko chini.

Hatua ya 3: Fungua boneti, tumia macho na pua

Chomoa dipstiki, kijiti cha kupimia oili, ifute, irudishe, ichomoe tena. Oili ikiwa haionekani kabisa kwenye kijiti, usitafute sababu nyingine kwanza. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili, na mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi. Hapo dawa ni gari la kuvuta.

Kisha maji. Angalia kwanza kichupa cha akiba na mabomba, tafuta mvuke na alama za maji yaliyorukia. Mfuniko wa rejeta usiuguse injini ikiwa ya moto. Kampala iko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji ya sufuriani yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Ukienda Kabale yanachemka mapema zaidi. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya rejeta ni shinikizo la ule mfuniko, ambalo linapandisha kiwango cha kuchemka hadi zaidi ya nyuzi 110. Ukifungua, shinikizo linatoka, na maji yote yaliyokuwa yametulia yanachemka kwa pamoja usoni mwako. Mfuniko wenye mpira uliochakaa, kitu cha bei ndogo, unachemsha magari mengi huku vilimani kuliko watu wanavyodhani.

Jambo lingine kuhusu joto: usiuamini mshale peke yake. Sensa ya joto inapima maji. Maji yakiisha kabisa, sensa inabaki hewani, na mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua. Dereva anakwambia "halikuchemsha, mshale ulikuwa chini," naye anasema kweli. Gusa bomba la juu la rejeta kwa tahadhari, ukiwa na kitambaa. Injini ni ya moto lakini bomba ni jepesi, tupu, linabonyea? Hakuna maji. Subiri nusu saa au zaidi kabla ya kufungua, na usimwage maji baridi kwenye injini iliyoungua, utapasua hedi.

Sasa pua. Harufu kali ya petroli: tafuta bomba linalovuja, na usijaribu chochote chenye cheche. Harufu ya plastiki iliyoungua: fuata waya. Harufu tamu-tamu ni kulenti, kama aliyekuwa na gari kabla yako alikuwa anaweka kulenti badala ya maji ya bomba.

Mwisho shika terminali za betri, moja moja, uzitikise. Ikizunguka kwa mkono, imelegea. Kaza.

Hatua ya 4: Sasa piga stata, mara moja, na usikilize

Oili ipo, maji yapo, hakuna harufu ya petroli? Zima redio, funga feni, waombe abiria wanyamaze. Piga sekunde tano tu.

Ukisikia *tik-tik-tik* ya haraka na taa zinafifia, ni betri au terminali. Betri nzima iliyotulia inasoma volti 12.6 hivi. Gari likiwaka, alternata inapaswa kuipandisha kati ya 13.8 na 14.4. Multimita ndogo inakaa kwenye droo ya gari na inajilipa siku ya kwanza.

Ukisikia *TOK* moja nzito kisha kimya, na betri ni nzima, injini huenda imekwama. Gari la gia za mkono liweke gia ya juu kabisa, achia breki ya mkono, lisukumeni taratibu mahali pa tambarare. Likikataa kusogea kana kwamba limefungwa, injini haizunguki. La otomatiki halipimwi hivyo, hilo fundi atalizungusha kwa spana kwenye puli ya krenki. Injini iliyokwama baada ya taa ya oili kuwaka kwa kawaida imenoki, yaani imeungua ndani kwa kukosa oili, na kuilazimisha ni kuongeza gharama.

Ukisikia inazunguka haraka kuliko kawaida, nyepesi, mlio mmoja usio na mapigo, *wiiiiii*, kama mashine ya kusaga isiyo na mahindi, mkanda wa taimingi umekatika. Vali hazifungi, hakuna shindilio. Kwa injini nyingi unaweza kuthibitisha: fungua mfuniko wa kujazia oili, mwenzako apige stata kidogo, uchungulie kama kamshafti, chuma kinachosukuma vali, inazunguka. Ikisimama tuli, jibu umelipata. Acha stata, kwa sababu katika injini nyingi, na karibu dizeli zote, pistoni zinaweza kuwa zinagonga vali. Injini ya zamani ya Toyota kama 5A-FE ina nafasi ya kutosha, mkanda ukikatika unabadilisha mkanda tu na safari inaendelea. Injini kama 1NZ na 1ZZ zinatumia cheni, kwa hiyo usimruhusu mtu akuuzie mkanda wa taimingi wa gari ambalo halina.

Magari ya Japani mara nyingi yana stika ndogo kwenye chumba cha injini, yenye maandishi ya Kijapani, tarehe na kilomita, inayoonyesha mkanda ulibadilishwa lini. Mwaka ukiona umeandikwa 20, au H20, si 2020. Ni mwaka wa 20 wa enzi ya Heisei katika kalenda ya Japani, yaani 2008. Toyota inataka mkanda wa petroli ubadilishwe kila kilomita 100,000 hivi. Sasa linganisha namba ya stika na odomita yako. Nimeona gari ambalo stika ilisema mkanda ulibadilishwa kwenye kilomita 101,000 na odomita ilikuwa inasoma 84,000. Mwenye gari alikuwa anajisifu kwamba amepata mali safi.

Na ukisikia inazunguka kawaida kabisa, *chu-chu-chu-chu*, ila haishiki, karibu. Hapo ndipo nilipokuwa mimi Mabira.

Hatua ya 5: Inazunguka, haishiki. Ni moto au mafuta?

Kabla ya yote angalia taa ya ufunguo au ya kufuli kwenye dashibodi. Ikipepesa haraka ukiwa umewasha swichi, huenda gari halijautambua ufunguo. Jaribu ule wa akiba.

Sasa angalia sindano ya mzunguko wa injini wakati mtu anapiga stata. Kwa magari mengi sindano inapaswa kuinuka kidogo, hadi kama 200 au 300. Ikilala chini kabisa bila hata kutikisika, kuna uwezekano mkubwa kwamba kompyuta haioni krenki ikizunguka. Sensa ya krenki haileti habari, na bila habari hiyo kompyuta haitoi moto wa plagi wala mafuta. Kipimo hiki hakigharimu senti, na mimi nilipiga stata mara nane Mabira bila kukitazama.

Sensa hii ina tabia ya kufa ikiwa na joto na kufufuka ikipoa, ndiyo maana gari liliwaka lenyewe baada ya kusubiri. Kayabwe, mara ya pili, aliyesimama kunisaidia alikuwa dereva mzee wa malori. Hakusema kitu. Alilowesha kitambaa kwa maji ya kunywa, akauliza sensa iko wapi, akakiweka juu yake kwa uangalifu kisitiririkie soketi, akawasha sigara mbali na gari. Dakika kumi. "Piga." Likashika mara ya kwanza. Akaniangalia: "Pampu mpya, eti?"

Kama sindano inainuka, tafuta mafuta. Na anza na swali la aibu: yamo? Geji za magari ya zamani zinadanganya, nasi tuna tabia ya kuweka mafuta ya elfu kumi kila siku badala ya kujaza. Pampu imo ndani ya tangi na inapozwa na petroli yenyewe. Ukiendesha kila siku taa ya mafuta ikiwa imewaka, unaipika.

Fungua mfuniko wa tangi, weka sikio, mwenzako apige stata. Unatafuta mvumo mwembamba. Usitegemee kuusikia kwa kuwasha swichi tu. Toyota nyingi hazianzishi pampu mpaka injini izunguke, na mafundi wengi wamehukumu pampu nzima kwa kutojua hilo. Toyota za miaka ya tisini zina kisanduku chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Ukiunganisha tundu la FP na la +B kwa kipande cha waya, swichi ikiwa imewashwa, pampu inapaswa kuvuma papo hapo. Soma maandishi ndani ya mfuniko wake mara mbili kabla ya kuchomeka, ukikosea tundu unaunguza kitu kingine.

Haivumi? Nenda kwenye sanduku la fyuzi. Tazama fyuzi ya EFI (mfumo wa kuingiza mafuta), kisha ng'oa rilei yake na uweke ya honi ikiwa zinafanana umbo na namba. Likiwaka, utakosa honi hadi nyumbani, si tatizo, ingawa kwenye msongamano wa Kireka utajiona uchi. Fyuzi iliyoungua ikiungua tena baada ya kuibadilisha, kuna waya unagusa bodi. Usiweke fyuzi kubwa zaidi wala karatasi ya sigara.

Umeme unafika na pampu bado kimya: gonga chini ya tangi kwa kisigino cha kiatu, ukiwa pembeni ya gari, wakati mwenzako anapiga stata. Pampu iliyochoka inaweza kuamka ikakufikisha gereji. Usiizime tena njiani.

Pampu inavuma lakini injini haishiki? Injini ikishapoa, fungua plagi moja. Hedi ni ya alumini, ukifungua plagi hedi ikiwa ya moto unaweza kutoka na nyuzi za tundu. Plagi iliyolowa na kunuka petroli inakwambia mafuta yanafika, moto ndio haupo: koili, waya, distribyuta kwa gari la zamani. Plagi kavu inakwambia mafuta hayafiki, au kompyuta haiamuru nozeli kufungua.

Ukiwa na kifaa kidogo cha kusomea kodi za hitilafu za injini kinachoungana na simu, kitumie, lakini soma kwa akili. P0335 ni sensa ya krenki, P0340 ni ya kamshafti. Kodi inakwambia malalamiko yanatoka mtaa gani, nyumba utaitafuta mwenyewe: waya uliokatwa na panya unatoa kodi ile ile ya sensa iliyokufa. Kwa Toyota zenye kile kisanduku cha DIAGNOSTIC, ukiunganisha TE1 na E1 taa ya injini inapepesa namba. 12 na 13 ni habari ya mzunguko, 14 ni mfumo wa moto.

Kama ulizima kwenye mafuriko

Bwaise, mtaa wa Kampala, ikijaa maji, wapo watakaokwambia "kanyaga tu, usiachie mafuta." Maji yakivutwa kupitia filta ya hewa yanaingia kwenye silinda, na maji hayashindiliki kama hewa. Pistoni inapanda, inakutana na maji, koni rodi, mkono wa pistoni, inapinda. Pengine injini ilizima bado nzima, na ni stata yako ya pili ndiyo itakayoivunja.

Lisukumeni hadi nchi kavu. Fungua boksi la filta. Filta ikiwa kavu na boksi ni kavu, huenda ni umeme tu uliolowa. Ikiwa imelowa, usipige stata kabla plagi zote hazijatolewa. Zikishatoka, na koili na soketi za nozeli zikiwa zimechomolewa, ndipo injini inazungushwa ili maji yarushwe nje kupitia matundu ya plagi. Kaa pembeni, yanatoka kwa nguvu. Halafu oili inabadilishwa, hata kama inaonekana safi.

Dizeli, kwa kifupi

Dizeli haina plagi za cheche, kwa hiyo kesi nyingi ni mafuta, hewa au maji. Fungua koki ya chini ya filta utoe maji. Bonyeza kwa mkono ile pampu ndogo ya kuvuta mafuta hadi iwe ngumu. Ikibaki laini, kuna mahali panavuta hewa. Kwa injini za zamani zenye vali ya umeme ya kuzimia juu ya pampu, angalia waya wake mmoja haujachomoka. Nimewahi kuona lori limelala siku mbili kwa ajili ya waya huo.

Ukimpigia fundi

Usimwambie "gari limekufa." Mwambie lilikata ghafla au lilikohoa, ulikuwa kilimani au tambarare, oili na maji vikoje, stata inalia vipi, sindano ya mzunguko inainuka au haiinuki, pampu inavuma au la. Fundi mzuri atakuja na kifaa kimoja badala ya mkoba mzima. Akisema injini ifunguliwe, aipime kompresheni (shindilio) kwanza mbele yako na akuandikie namba ya kila silinda. Kwa urefu wa Kampala namba zote zitakuwa chini kidogo kuliko za kitabu. Kinachotazamwa ni silinda moja kuachana sana na nyingine, zaidi ya psi 15 hivi. Akibadilisha kitu, cha zamani kirudi mkononi mwako.

Na akikuuliza umepiga stata mara ngapi, mwambie ukweli. Mimi nilimwambia "mara mbili tatu."